Taa ya Kijani Mbele ya Cherehani

Siku nilipokabidhi funguo za karakana, vijana wa kikundi chetu cha mafundi wa stima hapa Kisii walinipigia makofi, wakanipa blanketi, kisha wakaniomba niwaandikie ukurasa mmoja kuhusu miaka yangu ya kazi. Blanketi nililipokea kwa shukrani. Ukurasa mmoja umenishinda. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu kazi hii nilifundishwa kwa Kiswahili. Nyumbani naomba chumvi kwa Ekegusii, lakini ukitaka nikueleze waya, Ekegusii kinaniishia njiani.

Sitasema nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini. Mambo hayo hayajawahi kumfundisha mtu kufunga swichi.

Nilianza katika kiwanda kimoja cha chai upande wa Itumbe, nikiwa na cheti kipya na viatu vya kuazima. Mlinzi wa lango aliniambia akina mama wa kufagia wanaingilia mlango wa nyuma. Nikamwambia mimi ni fundi wa stima. Akamwita mwenzake aje asikie. Walicheka wote wawili, bila ubaya, halafu wakanielekeza mlango wa nyuma hata hivyo.

Ndani nilimkuta Fundi Okello, mtu wa kutoka upande wa ziwa, mrefu, mkimya, mwenye nywele zilizojaa vumbi la chai. Yeye hakucheka. Alinipa kitambaa na tochi, akaniambia nifute mota zote za feni za kunyaushia majani, na nikimaliza nimweleze kila moja inalia vipi.

"Inalia vipi?" nikauliza.

"Kila mota ina sauti yake, Nyaboke. Ikibadilika, ujue inaumwa. Usingoje moshi."

Nilifuta na kusikiliza kwa siku tatu. Mwisho wa siku ya tatu nilimwambia ile ya saba ina mkwaruzo. Akaifungua, akakuta beringi imeliwa. Hakunisifu. Alinipa chai yake, nikajua nimeajiriwa.

Jambo jingine alilonifundisha ni kuuliza. Mashine ikigoma, meneja alikuja mbio na maelezo yake. Okello alimsikiliza kwa heshima, akampita, akaenda kwa yule mama aliyeshinda na mashine hiyo tangu asubuhi. "Mama, ilianzaje?" Mara nyingi jibu la yule mama lilitupunguzia kazi ya siku nzima. Okello alifariki kabla sijaondoka kiwandani. Mjane wake alinipa testa yake, ile bisibisi yenye taa ndogo kwenye mpini. Hadi leo inawaka.

Nilipotoka kiwandani nilifungua karakana mjini Kisii, nyuma ya soko la ndizi. Miaka mingi ilikuwa kazi ya kawaida: paipu za waya ukutani, swichi, soketi, waya wa ardhini. Huo wa ardhini naomba msiudharau, kwa sababu katika milima yetu radi ni jirani, na haibishi hodi. Kisha zikaja hizi nyumba zinazojiendesha. Ya kwanza niliyofunga ilikuwa Nyamira, ya mfanyabiashara ambaye simtaji kwa kuwa bado tunasalimiana. Alitaka kila kitu kiongozwe na simu: mapazia, bomba la bustani, lango. Nilimwomba lango liwe na ufunguo wa mkono pia. Akasema ufunguo ni mambo ya kizamani. Nikamtii, na hilo lilikuwa kosa langu, si lake. Jumamosi moja, maana yeye ni Msabato, alirudi kutoka kanisani na suti yake nyeusi, akakuta mtandao umekatika. Akapanda ukuta wake mwenyewe. Mbwa wake alikuwa amezoea kumwona akiingia kwa lango, kwa hiyo alifanya kazi aliyonunuliwa kuifanya. Tangu hapo sijafunga kitu chochote cha kujiendesha bila swichi ya mkono kando yake.

Lakini kazi ninayotaka kuwasimulia hasa ni ya kule Nyacheki. Ndiyo ilikuwa ya mwisho.

Nilipigiwa simu na mtu anayeitwa Momanyi, mtu wetu anayefanya kazi ng'ambo. Alikuwa amemjengea mdogo wake, Nyakundi, nyumba ya vyumba vitatu juu ya shamba la chai la familia. "Kuta ziko tayari na mabati yamepigwa, plasta bado," akasema. "Nataka iwe ya kisasa kabisa. Vifaa nimeshatuma, viko kwenye sanduku." Nilifurahi. Mtu anayemwita fundi wa stima kabla ya plasta ni mtu wa kuheshimiwa.

Nilifika asubuhi. Kijana wa miaka thelathini hivi alikuwa sebuleni akipiga randa fremu ya mlango, mgongo wake kwangu. Nikamsalimia. Akaendelea na randa. Nikasalimia tena kwa sauti. Mwanamke mwenye mimba kubwa akatokea mlango wa jikoni, akanitazama, akapiga mguu sakafuni mara mbili. Kijana akahisi mtikisiko, akageuka, akatabasamu, akanyoosha mkono. Ndipo nikaelewa. Nyakundi ni kiziwi. Mkewe, Bosibori, ni kiziwi pia. Walikutana katika shule ya viziwi, yeye akajifunza useremala, mkewe akajifunza ushonaji. Momanyi hakuwa ameniambia.

Tukafungua sanduku. Juu kabisa kulikuwa na spika tatu za mviringo, zile unazoziambia washa taa, zinawasha. Nyakundi aliigeuza moja mkononi, akasoma maandishi ya boksi, akampa mkewe. Bosibori akasoma. Wakatazamana. Bosibori alicheka mpaka akalazimika kuketi juu ya mfuko wa simiti huku akishika tumbo. Nami nikacheka, ingawa nilianza kuona kazi iliyokuwa mbele yangu. Nikatoka nje, nikampigia Momanyi.

"Hivi vifaa vinangoja mtu aseme," nikamwambia.

"Ndiyo. Unasema tu, nyumba inatii."

"Nani atasema?"

Nilisikia gari likipita huko aliko.

"Fundi," akasema mwishowe, "mimi na Nyakundi tunaandikiana kila siku. Kila siku ya Mungu. Nimesahau kabisa."

Hakuwa mtu mbaya. Kwenye simu, ndugu yake hakuwa kiziwi.

"Basi panga wewe pamoja na wao," akaendelea. "Lakini kamera usiache. Weka nne. Moja sebuleni, moja chumba cha mtoto, ili mimi na mama tuone mtoto yuko salama."

Nikarudi ndani, nikaokota chaki, nikaandika ukutani juu ya matofali: *Kamera sebuleni na chumba cha mtoto?* Nyakundi akaichukua chaki, akaandika chini yake kwa herufi kubwa: NYUMBA YA NANI? Bosibori akamalizia: MLANGONI TU. Ikawa hivyo. Kamera moja mlangoni, na picha yake ionekane jikoni na kwenye karakana ya Nyakundi. Kwa siku nne zilizofuata kuta za nyumba ile zilikuwa daftari letu. Plasta ilipokuja kuyafunika maandishi, niliona uchungu kidogo.

Hapo ndipo nilipojua kwamba sijui kitu. Miaka yote nilikuwa nimefanya kazi kwa masikio: mota inalia, swichi inabofya, kengele inaita. Sasa nilitakiwa kupanga nyumba ambayo sauti haina kazi ndani yake. Nikamuuliza Bosibori kwa chaki: *Ukiamka unafanya nini?* Hakuandika. Alinishika mkono tukatembea, akaigiza siku yake yote. Hapa nalala. Hapa nafua, nimeinama, nimegeukia shamba. Hapa napika. Hapa ndipo cherehani itakaa, chini ya dirisha. Na mtoto atalala kule, mwisho wa korido. Akasimama, akanyoosha mikono yote miwili kuonyesha umbali, akaniangalia kuona kama nimeelewa.

Nikapendekeza taa za rangi katika kila chumba. Mtu akibonyeza kengele ya mlangoni, taa nyeupe zinapepesa. Mtoto akilia, taa nyekundu. Bosibori akatikisa kichwa kwa nguvu. Akaandika: *Nyekundu ni moto. Nitakimbia na mkasi mkononi.* Kweli. Nyekundu tukaiachia moshi na gesi ya jikoni. Mtoto akapewa kijani.

Siku ya nne alipanda mama yao, Mama Kerubo, kutoka nyumba ya chini, na birika la chai mkononi. Alinimiminia, akaketi juu ya simiti, akatazama paipu nilizozipanga ukutani. Tulizungumza kwa Ekegusii.

"Mwanangu, hizo taa zote ni za nini?"

Nikamweleza.

"Chumba cha mtoto usijisumbue nacho," akasema. "Mtoto atakaa kwangu."

"Mpaka lini, Mama?"

"Mpaka aweze kutembea, amvute mama yake nguo."

Alisema hayo Bosibori akiwa hatua tatu kutoka kwetu, akipima dirisha kwa tepu yake ya ushonaji. Nilijisikia kama ninayemsengenya mtu mbele ya macho yake. Mama Kerubo akaliona hilo usoni mwangu.

"Usifikiri simpendi," akasema. "Nampenda. Lakini sikiliza. Nyakundi hakuzaliwa hivi. Alikuwa na miaka mitatu. Nilimlaza, nikaenda kuchuma majani, maana ilikuwa siku ya gari la kubeba chai. Homa ikamshika, akalia. Shamba lenyewe ni lile pale, unaliona. Nilikuwa na masikio mawili mazima, na sikumsikia. Nilipofika alikuwa ameshanyamaza."

"Homa haikuletwa na chai, Mama."

"Ndivyo alivyosema daktari. Daktari hakuwa shambani." Akainuka, akakung'uta simiti kwenye rinda lake. "Kama mimi sikusikia, hawa watasikia nini?"

Alipoondoka, Nyakundi akaja na chaki. AMESEMA NINI? Nikaipokea ile chaki. Nikaandika: *Anaogopa.* Bosibori akaichukua kutoka vidoleni mwangu. NA MIMI, akaandika.

Baadaye walikaa wote watatu, mama na mwana na mkamwana, wakazungumza kwa ishara zile za nyumbani ambazo familia hujitungia. Waliafikiana hivi: mtoto akizaliwa, Mama Kerubo atakuja kukaa nao wiki tatu. Akiona mambo si sawa, atashuka na mtoto. Kwa hiyo wenzangu, nilipokuwa nikichora mpango wa nyumba ile, nilijua ninachochora si taa.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Kisanduku cha kuongozea, ukubwa wa Biblia, kikae koridoni pamoja na betri yake. Kila kitu kiunganishwe kwa waya ndani ya ukuta, kisitegemee mtandao wa nje, kwa maana mtoto hangoji bando linunuliwe. Kila taa ya kuashiria iwe na balbu mbili, moja ikiungua nyingine ibaki. Chini ya godoro la wazazi kiwepo kifaa cha kutetemeka cha kuwaamsha. Na kwenye chumba cha mtoto, ukutani, kiwekwe kifaa kidogo cha kusikiliza, si kikubwa kuliko kifuniko cha soda.

Nilifanya makosa mawili, na sioni aibu kuyaandika, maana mtayafanya pia.

La kwanza: niliweka taa za kuashiria darini, katikati ya kila chumba, kama nilivyozoea. Plasta ikapigwa. Tulipozijaribu, Bosibori alinikalisha kwenye cherehani yake, akanipa kitambaa na mshono wa kufuatisha, akaniziba masikio kwa pamba. Nikashona, nikijitahidi mstari usipinde. Baada ya dakika kadhaa akanigusa bega, akaonyesha juu. Taa ya kijani ilikuwa inapepesa, na Nyakundi alikuwa ameiwasha tangu nilipoanza mshono. Sikuwa nimeiona. Ilikuwa mchana kweupe, na mtu anayeshona hatazami dari. Nikatoa pamba masikioni, nikachukua patasi na nyundo, nikaanza kupasua plasta mpya. Taa ya cherehani ikahamia ukutani, mbele ya sindano, kimo cha uso. Ya jikoni ikawa kando ya jiko. Ya nje ikafungwa pale anapofulia. Fundi wa plasta alinitazama nikipasua ukuta wake, akatikisa kichwa tu. Ilikuwa haki yake.

La pili lilikuwa baya zaidi. Nilileta simu yenye sauti ya mtoto akilia, nikaiweka kitandani, taa zikawaka zote. Tukapeana mikono. Tukamwita Mama Kerubo aje aone. Alifika saa tisa, na ninyi mnajua huku kwetu saa tisa hufika na nini. Mvua ilishuka juu ya mabati kwa kishindo. Sauti ya simu nilikuwa nimeshaizima, kitanda kilikuwa kitupu, lakini taa za kijani ziliwaka nyumba nzima, zikapepesa, zikaendelea kupepesa. Kile kifaa hakikuweza kutofautisha mvua na mtoto.

Mama Kerubo alizitazama. Hakufurahi, nataka mjue hilo. Aliniuliza kwa upole, karibu na sikio langu ili nisikie, "Sasa hapo mtoto analia, au ni mvua?"

Bosibori alikuwa ameegemea mlango, mikono juu ya tumbo, akituangalia midomo.

Siku tatu sikurudi Nyacheki. Nilijaribu kukipunguza nguvu kile kifaa: kikinyamazia mvua kinamnyamazia na mtoto. Nilimpigia kila mtu niliyemjua. Mmoja akaniambia nitafute kifaa cha bei kali zaidi kinachotambua sauti ya mtoto. Nikamuuliza kama kinajua mvua ya Gusii. Akasema hajui mvua ya Gusii ikoje. Ndipo nikakumbuka kwamba sikuwa nimemuuliza mtu aliyepaswa kuulizwa kwanza.

Nikarudi. Kuta zilikuwa zimepakwa rangi, kwa hiyo tukatumia kipande cha mbao cha Nyakundi. Nikamwandikia Bosibori: *Umewahi kulea mtoto?* Akaandika: *Wa dada yangu. Miezi minane.* Nikaandika: *Ulijuaje analia?*

Aliniangalia kama mtu aliyengoja swali hilo tangu siku ya spika. Akalala kwenye benchi la mumewe, akaweka kiganja juu ya tumbo lake, kisha akaanza kupiga miguu, magoti juu, visigino chini, haraka haraka, uso umekunjwa. Nyakundi akaangua kicheko. Bosibori akainuka, akachukua chaki.

*Mtoto halii kwa mdomo tu,* akaandika. *Analia kwa miguu.*

Niliagiza kutoka Nairobi mkeka mwembamba unaohisi mtikisiko, wa kulaza chini ya godoro la mtoto. Mtoto akigeuka usingizini, mkeka unanyamaza. Akipiga miguu kwa sekunde kumi mfululizo, taa zinawaka, haidhuru kifaa cha kusikiliza kinasema nini. Niliogopa radi ingeuchanganya, lakini radi haidumu sekunde kumi, mtoto hudumu. Kile cha kusikiliza nikakitoa ukutani, nikakifunga kwenye mbao za kitanda, karibu na mahali kichwa kitakapolala, na nikakiweka kisubiri sauti ya karibu tu. Naye Nyakundi akapiga dari ya mbao juu ya chumba kile, akajaza pumba za randa katikati ya mbao na mabati. Aliifanya kwa siku mbili bila kupumzika ila Jumamosi, siku ya ibada. Alipomaliza aliniita, akanionyesha masikio yangu, kisha juu, akiuliza. Nikamwonyesha dole gumba: ndani ya chumba kile mvua ilisikika kama iko kwa jirani. Alifurahi kwa kazi ambayo mwenyewe hangeweza kuisikia.

Mtoto alizaliwa mwezi uliofuata, msichana. Wakamwita Gesare. Mama Kerubo akahamia na kuanza wiki zake tatu.

Katika wiki ya tatu nilipanda kuurekebisha mkeka, kwa sababu Nyakundi aliniandikia kwamba Gesare ameongeza uzito na taa zinawaka hata akipiga chafya. Nilimaliza mapema. Bosibori akanizuia nile, na kwetu mtu hakatai chakula. Tukawa jikoni sisi watatu, Bosibori akimenya ndizi mbichi karibu na jiko, Mama Kerubo akipembua wimbi kwenye ungo, mimi nikiwa na kikombe changu. Mama Kerubo alionekana amechoka. Aliniambia wiki hizo hajalala; taa hizo zikiwaka, yeye huwa ameshafika kitandani.

"Kila mara nafika kwanza," akasema. "Nasikia, naamka, nafika. Yeye anakuja nyuma yangu."

Kama ndivyo, mambo yalikuwa yameshaamuliwa.

Mvua ikaanza. Jikoni hatukuwa tumepiga dari. Mabati yalikuwa wazi juu yetu. Iliponyesha kwa nguvu tuliacha kuzungumza, kwa kuwa hata ukipiga kelele mwenzako anaona mdomo tu. Mama Kerubo aliendelea na ungo wake. Nilikuwa natazama maji yakishuka dirishani.

Bosibori akaweka kisu chini. Akanawa mikono, akajifuta kwenye leso, akatoka kwa hatua za kawaida, bila kukimbia.

Mama Kerubo akaniangalia na kuinua mkono: anaenda wapi? Nikamwonyesha taa ya kijani kando ya jiko. Ilikuwa inapepesa.

Akasimama, ungo mkononi. Aliinamisha kichwa upande, kisha upande mwingine, kama mtu anayesikiliza mlangoni. Nami nikasikiliza, kwa masikio yaliyowahi kuisikia beringi mbovu katikati ya feni ishirini. Mvua tu. Akauweka ungo mezani, akaenda koridoni, nami nikamfuata.

Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Bosibori alikuwa amempakata Gesare kifuani, akimpapasa mgongo. Mtoto alikuwa mwekundu usoni, kinywa wazi, akilia kwa nguvu zake zote, na tulipovuka kizingiti, chini ya dari ya Nyakundi, ndipo tulipomsikia. Bosibori alikuwa amegeukia dirisha na hakutuona. Alikuwa anamtazama mwanawe mdomo, akingoja ufunge.

Mama Kerubo alikaa pale mlangoni mpaka mtoto akatulia. Alishika fremu ya mlango kwa mkono mmoja. Sikumtazama usoni, kwa sababu kuna wakati fundi anapaswa kuangalia waya.

Mvua ilipopungua aliniuliza maswali, na niliyajibu yote.

"Hiyo balbu ikiungua?"

"Ipo ya pili pembeni yake."

"Stima ikipotea?"

"Betri inachukua."

"Na betri ikiisha?"

"Wana swichi, wana tochi, na Bosibori atalala naye, kiganja tumboni, kama alivyomlea wa dada yake."

Akafikiri. "Wa dada yake alikuwa mzima?"

"Yuko shule, Mama."

Akarudi kwenye wimbi lake. Tulikula. Nilifunga vifaa vyangu, nikateremka hadi barabarani, na magoti yangu yakanikumbusha kila ngazi ya udongo kwamba kazi hii ina mwisho.

Asubuhi ya siku mbili baadaye nilipata ujumbe wa Nyakundi. Huandika kwenye simu kama alivyokuwa akiandika ukutani, kwa herufi kubwa.

MAMA AMERUDI KWAKE. AMEBEBA MKUNGU WA NDIZI TU.